SABABU YA MTU KUTUNGA, NA CHANZO CHA SHAUKU YA KUANDIKA



Somo la mwezi huu lahusu kalamu. Wengi wenu mwaishika kila juma: mwaandika majina ya wabatizwa, hesabu ya sadaka, na barua kwa mchungaji. Maandiko hayo ni ya lazima, wala mtu hahitaji shauku ili ayaandike. Lakini kuna kuandika kwa namna nyingine, ambako hapana mkubwa aliyeagiza wala mshahara unaongojewa. Mtu akaa jioni karibu na taa, atunga hadithi au utenzi, na kesho yake airudia kazi ile ile. Ni nini kimsukumacho?

Nataka kujibu kwa habari za mtu mmoja. Hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Mkatoliki. Ila katika jambo hili twaweza kukaa miguuni pake pasipo haya. Jina lake Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akalelewa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa Viktoria. Alisoma kwa mapadre, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na mambo mengine mengi. Hakupata upadre. Alirudi kwao, akaoa, akafanya kazi ya kufundisha dini na kufasiri. Basi mtazameni vema, ninyi walimu, maana kazi yake ilikuwa kazi yenu.

Mtu huyu alisikia jinsi wazee wa kisiwa walivyonena, akaona pia kwamba vijana hawaneni vile tena. Mila zilikuwa zikiondoka, na maneno yaliyozibeba yakiondoka pamoja nazo. Angaliweza kuandika orodha: desturi ya kwanza, desturi ya pili. Hakufanya hivyo. Alitunga habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, waliopendana wala hawakuwa na mtoto. Wazazi wa mke wakamchukua binti yao kwa sababu hiyo, na mume akatoka kwenda kumrudisha, akitozwa pombe ya ndizi. Msomaji amfuata Myombekere kwa kumhurumia, na huku njiani ajifunza jinsi watu wa Ukerewe walivyopika pombe, walivyolima, walivyovua samaki, walivyotibu wagonjwa na kuamkiana. Orodha ingalisomwa na mtaalamu mmoja. Hadithi yasomwa na mtu aliye na moyo.

Tena kuna jambo lisilopasa kupitwa. Kitereza na mkewe Anna walizeeka bila mtoto. Sisemi kwamba kitabu ni habari zake mwenyewe, kwa maana Myombekere na Bugonoka mwisho walipata mtoto wa kiume na wa kike. Lakini ni nani asiyeona kwamba mwandishi aliyajua machozi ya nyumba ile kutoka ndani? Mtu hutunga juu ya kile ambacho hawezi kukinyamazia wala hawezi kukisema barazani.

Kazi hiyo aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya mama zake. Padre Almas Simard, mtu wa Kanada, alimtia moyo. Lakini ni nani atakayepiga chapa kitabu kirefu namna ile kwa lugha ya watu wachache? Karatasi zikakaa. Mzee hakuzitupa, alikaa akakifasiri chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Kilitolewa Dar es Salaam mwaka 1980, baada ya miaka thelathini na mitano, na mwaka 1981 mwandishi akafariki. Baadaye kimefasiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Ndugu, fikirini miaka ile thelathini na mitano. Mwenye kutafuta sifa angaliacha mapema sana.

Basi shauku ya namna hiyo huanzaje? Nionavyo mimi, huanza sikioni wala si mkononi. Asiyependa kusikiliza hatapenda kuandika, hata akipewa daftari kumi. Kisha huja hasara: mtu au neno laondoka, na aliyebaki aona pengo. Shaaban Robert wa Tanga alisoma shule miaka michache tu, Dar es Salaam, kati ya mwaka 1922 na 1926, akawa karani wa forodha. Alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, na shairi hilo lingali likisomwa leo. Nalitaja kwa ajili ya wale wasemao, "Sisi si wasomi."

Tena yafaa awepo mtu wa kuandikiwa. Mwana Kupona wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha.  Luka naye aliielekeza Injili yake kwa mtu mmoja, Theofilo, akamweleza tangu mwanzo kwa nini ameona vema kuandika, ingawa wengine walikwisha kuandika kabla yake. Ukijua uso wa yule umwandikiaye, maneno hayakawii. Ukiwaandikia "watu wote," utahubiri tu, na mahubiri tunayo ya kutosha.

Wako watakaouliza: je, hadithi ya kutungwa si uongo? Swali hili nimeletewa na walimu zaidi ya mmoja, nami siwacheki. Lakini fikirini mfano wa baba aliyekuwa na wana wawili. Bwana hakutaja kijiji chao wala jina la baba, wala hapana aliyesimama kuuliza ushahidi. Mwongo ataka uamini lisilokuwako ili apate faida yake. Mtungaji akuambia tangu mwanzo kwamba ni hadithi, kisha akuonyesha lililomo ndani yako. Tofauti hiyo hata watoto waijua.

Sasa nageukia nchi yetu ya Ugalla, maana sikusimulia habari za Ukerewe ili tuwasifu watu wa ziwani. Zamani za Waingereza, malale yalipoenea magharibi mwa Tanganyika, watu wengi walitolewa katika vijiji vya porini wakakusanywa mahali pamoja. Mwaka 2019 sehemu ya pori letu ilifanywa hifadhi ya taifa, iitwayo Mto Ugalla. Sibishani na sheria. Wanyama nao ni viumbe vya Mungu. Nasema tu kwamba yako mahame ambayo mjukuu hawezi kwenda kuyatazama apendavyo, na mahali pa kambi za warina asali pana majina yasiyoandikwa popote. Mzee ajua mti gani hufaa kuchongwa mzinga, na ni maua ya mti gani yatoayo asali nyeupe. Ajua hadithi iliyosimuliwa usiku ule moshi ulipokataa kuwatuliza nyuki. Mwaka jana tulimzika mzee wa namna hiyo. Nilisoma ibada, tukaimba, tukafukia. Hapana karatasi hata moja iliyobaki.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni hii. Kila mwalimu na atafute jioni moja, akae na mzee, asikilize bila kuandika. Siku ya pili aandike ukurasa mmoja, aanze na mtu aliyetaka jambo na kulikosa, wala asianze na "Desturi za Wagalla ni hizi." Amwandikie mtu mmoja amjuaye kwa jina, kama ni mwanawe au rafiki aliye mbali. Neno la kikwetu lisilo na ndugu katika Kiswahili na liachwe kama lilivyo. Kurasa hizo zitasomwa kwa sauti katika mkutano wa walimu. Nanyi mleteni yule mzee, hata kama hajui kusoma, akae mbele, kwa kuwa yeye ndiye atakayejua ni wapi mmekosea jina la mti.