Bakshishi Hupima Nini?

Umemaliza kula. Mhudumu ameleta bili: shilingi 28,000. Umetoa noti tatu nyekundu za elfu kumi, naye amekurudishia elfu mbili kwenye kisahani. Kisahani kiko katikati ya meza na kila mtu anajifanya hakioni. Uichukue hiyo elfu mbili, au uiache?

Wengi wetu jibu tunalo: "Akinihudumia vizuri namwachia, akininunia, nachukua changu." Tumelizoea jibu hilo kiasi kwamba hatulichunguzi. Lakini ukilitazama kwa jicho la sayansi, ni dai kubwa. Linasema kwamba bakshishi ni kipimo, na kinachopimwa ni huduma. Dai la namna hiyo linaweza kujaribiwa, na limekwisha kujaribiwa. Tulifuate hatua kwa hatua, tukianzia chini kabisa.

Malipo yasiyodaiwa

Neno bakshishi asili yake ni Kiajemi, ambako shina lake lina maana ya kutoa na kusamehe. Mitaani tunasema "ya soda" au "ya chai". Hilo la pili lina utata, kwa kuwa chai ni jina la rushwa pia. Tofauti ya chai hizi mbili iko kwenye saa. Rushwa hutangulia huduma: usipotoa, faili lako halisogei. Bakshishi hufuata huduma: samaki ameshaliwa, na mhudumu hana tena cha kukunyima.

Hapo ndipo fumbo linapoanza. Mtu anayejali mfuko wake peke yake asingetoa kitu, maana alichokitaka ameshakipata. Hata hivyo watu hutoa, tena katika miji ambayo hawatairudia maisha yao yote. Lazima kuna kinachowasukuma.

Wachumi walipendekeza sababu yenye mantiki. Mwenye mgahawa wa meza 30 hawezi kusimama kwenye kila meza. Haoni nani kasubiri maji kwa nusu saa, wala nani kajibiwa kwa mkato. Mteja anaona. Basi mwenye mgahawa humkabidhi mteja sehemu ya usimamizi: mteja ndiye anayekadiria, na ndiye anayelipa. Mhudumu hodari atapata zaidi, mzembe atapata kidogo, na wote wataongeza bidii. Kwa maneno, nadharia hii haina kasoro. Tuipeleke sasa mezani.

Kukikagua kipimo

Kipimo chochote kina masharti mawili. Kipimajoto kizuri hupanda homa inapopanda. Hilo ni la kwanza. La pili, hakipandi kwa sababu mgonjwa amevaa shati jekundu. Kikishindwa sharti mojawapo, usikitumie kutoa dawa.

Sharti la kwanza limechunguzwa kwa miaka mingi na Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mwaka 2000, yeye na mwenzake Michael McCall walichapisha muhtasari wa tafiti zilizowauliza wateja wa migahawa huduma ilikuwaje, kisha zikalinganisha majibu yao na asilimia ya bili waliyoacha kama bakshishi. Swali lilikuwa moja: je, waliosifu huduma ndio walioacha zaidi?

Ili tulielewe jibu, tunahitaji namba moja ya takwimu. Wanatakwimu hueleza jinsi vitu viwili vinavyofuatana kwa namba ambayo, vikipanda pamoja, huwa kati ya 0 na 1. Uzito wa sukari kwenye mizani ya duka na bei utakayolipa hufuatana kikamilifu: hiyo ni 1. Namba ya nyumba yako na urefu wako havijuani kabisa: hiyo ni 0. Huduma na bakshishi zilipata wastani wa 0.11.

Namba hiyo ina siri ndogo. Ili ujue kitu kimoja kinaeleza sehemu gani ya tofauti za kingine, unaizidisha namba kwa yenyewe. 0.11 mara 0.11 ni 0.0121, yaani asilimia 1 na ushei. Chukua tofauti zote za bakshishi kutoka meza moja hadi nyingine, zigawe mafungu 100. Fungu moja tu na kidogo ndilo linalokwenda sambamba na ubora wa huduma kama wateja wenyewe walivyouona.

Msomaji makini atainua mkono hapa. Je, kama wahudumu wote walikuwa wazuri? Hoja ni nzuri. Ukitaka kujua kama urefu unasaidia katika mpira wa kikapu, kisha ukapima wachezaji ambao wote wana mita mbili, utaona urefu hausaidii kitu. Kama huduma haikutofautiana sana katika migahawa hiyo, bakshishi nayo isingeweza kuifuata. Kwa hiyo 0.11 haitoshi kukitupa kipimo. Twende kwenye sharti la pili.

Shati jekundu

Kitu cha kwanza kinachosukuma kiasi cha bakshishi ni ukubwa wa bili. Hilo linaonekana dogo hadi ulifikirie. Mahali ambapo watu hutoa kwa asilimia, aliyebeba sahani ya kamba wa bei kubwa hupata mara kadhaa ya aliyebeba sahani ya chipsi, ingawa hatua kutoka jikoni ni zilezile na mkono ni uleule.

Kisha yako majaribio. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani, wahudumu walileta bili pamoja na pipi kwa baadhi ya meza, na bila pipi kwa nyingine, meza zikichaguliwa kwa bahati nasibu. Katika jaribio la kwanza bakshishi ilipanda kutoka asilimia 15 ya bili hadi karibu 18. Katika la pili, meza zisizopewa pipi ziliacha asilimia 19. Waliopewa mbili kila mmoja waliacha zaidi ya 21. Lakini mhudumu alipotoa pipi moja, akageuka kama anayeondoka, kisha akarudi kuongeza ya pili, wakaacha 23. Pipi ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni kule kurudi, ambako kulifanya zawadi ionekane imetoka moyoni.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1996. Mhudumu wa kike alipochora uso wenye tabasamu nyuma ya bili, bakshishi ilipanda kutoka asilimia 28 hadi 33. Mwanamume alipochora uso uleule, hakupata nyongeza yoyote. Chakula ni kilekile, kalamu ni ileile, mchoro ni uleule. Kipimo kimesoma jinsia ya aliyeshika kalamu.

Na kinasoma mengine mabaya zaidi. Uchunguzi wa teksi katika mji wa New Haven, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, uligundua kwamba madereva weusi walipewa bakshishi pungufu kwa takribani theluthi moja kulinganisha na wazungu. Kipimajoto kinachosoma rangi ya ngozi hakipimi homa.

Nani hasa anapimwa?

Kama bakshishi haiifuati huduma, inafuata nini? Turudi kwa mtu anayejali mfuko wake, tumpe nafasi ya mwisho ya kujitetea. Anaweza kusema: "Mimi ni mteja wa kila siku. Natoa leo ili kesho nihudumiwe vizuri." Hii ni nadharia safi, kwa kuwa inatabiri jambo linaloweza kukanushwa. Ikiwa ni kweli, wateja wa kudumu watatoa zaidi ya wapita njia.

Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majibu ya swali hilohilo. Watu waliulizwa: kwa chakula cha dola 10 na huduma ya kuridhisha, wengi huacha kiasi gani katika mgahawa wanaokwenda mara kwa mara? Wastani wa majibu ulikuwa dola 1.28. Na katika mgahawa wa mji wa mbali wasiotarajia kuurudia? Dola 1.27. Senti moja ndiyo thamani yote ya kesho.

Ushahidi mwingine ulitoka barabarani. Mwaka 2017 Uber, kampuni ya teksi za mtandaoni, iliweka kitufe cha bakshishi kwenye programu yake Marekani, na watafiti wakapitia mamilioni ya safari. Hapa abiria hutoa akiwa ameshashuka, dereva hamwoni usoni. Takribani asilimia 60 ya abiria hawakutoa hata mara moja. Asilimia 1 tu walitoa kila safari. Na kumjua abiria ni nani kulisaidia kukisia bakshishi takribani mara tatu zaidi ya kumjua dereva ni nani.

Viweke vipande hivi pamoja. Macho ya mhudumu yakiwepo, desturi inasimama; macho yakiondoka, desturi inalegea. Bakshishi inampima mtoaji: malezi yake, haya yake, mazoea ya mji wake. Mhudumu anapimwa kidogo tu.

Desturi zinavyotofautiana

Ndiyo maana kiasi cha bakshishi hubadilika ukivuka mpaka, hata kama sahani imebebwa vilevile. Marekani desturi imeshikamana na sheria ya mshahara. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 1966 yalimruhusu mwajiri kuhesabu bakshishi kama sehemu ya kima cha chini. Tangu 1991, mwajiri anaweza kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa kutoka mfukoni mwake, mradi bakshishi zimfikishe mhudumu huyo kwenye kima cha kawaida, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25; zisipofika, mwajiri ajazie. Majimbo saba, California ikiwa mojawapo, yanadai mshahara kamili. Kwingineko mteja anayeichukua chenji yake anagusa mshahara wa mtu.

Ufaransa, tangu 1987, bei iliyoandikwa kwenye menyu ya mgahawa lazima iwe na huduma ndani yake. Sarafu anazoacha mteja ni za hiari kweli. Japani, bakshishi mgahawani si desturi, na mgeni anayeacha fedha mezani huenda akafuatwa hadi mlangoni arudishiwe alichosahau.

Hapa tujizuie tusiruke. Sifa ya huduma ya Japani inajulikana duniani, lakini haithibitishi kwamba kuondoa bakshishi huleta huduma bora. Nchi si maabara: mafunzo, mishahara na adabu za watu hutofautiana pia. Inachothibitisha ni jambo dogo lenye nguvu, kwamba huduma nzuri inaweza kuwepo bila bakshishi. Mfano mmoja unatosha kuuvunja usemi wa "bila bakshishi hakuna huduma".

Kuibadili desturi, hata hivyo, ni kazi nyingine. Mwaka 2015 Danny Meyer, mwenye migahawa mashuhuri jijini New York, alitangaza kufuta bakshishi na kuweka gharama ya huduma kwenye bei. Mwaka 2020 akairudisha. Mgahawa mmoja unaopandisha bei peke yake huonekana ghali kuliko jirani, hata kama mteja mwishowe analipa kilekile.

Sasa turudi kwenye kisahani chetu. Ukitaka kuiacha ile elfu mbili, iache, na usisubiri sababu kubwa: ni mkono wa shukrani, na kwa anayeipokea ni nauli ya daladala. Ila usidhani umemsahihishia mtu mtihani, wala wewe mwenye mgahawa usidhani wateja wanakusimamia wafanyakazi wako. Huduma ikiwa nzuri, mwambie mhudumu, tena mbele ya msimamizi wake. Ikiwa mbaya, sema ni nini kilikuwa kibaya. Noti iliyochukuliwa kutoka kwenye kisahani haiwezi kumweleza mtu yeyote kwamba samaki alikuja baridi.