Dawa ya Sonona Isipoleta Nafuu

Mwalimu hupata kumwona mwanafunzi ambaye juma hili amejiinamia nyuma ya darasa, hajibu swali wala hacheki na wenzake. Juma la pili yake huzungumza bila kituo, hulala saa chache tu, na hujiona aweza kufaulu mitihani yote bila kufungua daftari. Nyumbani husemwa kwamba dawa anazo na anazimeza. Mbona basi hapati nafuu? Swali hili ni la kisayansi, nalo lataka kujibiwa kwa hatua.

Asili na kazi ya dawa

Dawa za kwanza za sonona ziligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952 madaktari wa New York waliokuwa wakijaribu iproniazidi kutibu kifua kikuu waliona wagonjwa wakichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi alieleza kwamba imipramini huwapa nafuu wenye sonona. Nyingi ya dawa hizi huongeza kemikali kama serotonini katika nafasi iliyopo kati ya seli moja ya neva na nyingine. Ongezeko hilo huanza katika muda wa saa chache, lakini nafuu huchukua majuma. Yaani ubongo haujazwi kemikali kama taa ijazwavyo mafuta. Yaelekea seli zenyewe hubadilika polepole.

Sababu za kukosa nafuu

Sababu ya kwanza ni muda: dawa huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kuhukumiwa. Ya pili ni kipimo kuwa kidogo, au siku kurukwa. Ya tatu ni kuwapo kwa jambo jingine, kama ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa damu au ulevi. Hata yote hayo yakiangaliwa, dawa moja haiwafai watu wote. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, ni kama theluthi moja tu ya wagonjwa walioondokewa na dalili kwa dawa ya kwanza. Kwa hiyo kushindwa kwa dawa si kushindwa kwa mgonjwa.

Sababu ya nne ndiyo inayomhusu mwanafunzi wetu. Huenda maradhi yake si sonona pekee, bali ni yale ambayo hisia hushuka mno kisha zikapanda mno. Kwa mtu wa namna hiyo, dawa ya sonona ikitumiwa peke yake yaweza kumrusha juu zaidi. Mwaka 1949 John Cade wa Australia alieleza jinsi chumvi za lithiamu zilivyowatuliza simbilisi, na baadaye wagonjwa waliopandwa na hisia. Lithiamu hutumika hadi leo, ila kiasi chake katika damu hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa kikizidi ni sumu.

Yapasayo kufanywa

Dawa isikatizwe ghafla. Kukatiza huleta kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, na maradhi yaweza kurudi kwa nguvu. Mgonjwa arudi kwa daktari, naye ataamua kuongeza kipimo, kubadili dawa au kuongeza tiba ya mazungumzo. Saa za kulala na kuamka zisibadilike-badilike, maana kukesha huweza kuchochea hisia kupanda. Pombe na bangi ziepukwe.

Vijana waangaliwe zaidi. Kwa walio chini ya miaka 25, dawa hizi zaweza kuzidisha mawazo ya kujiua, hasa katika majuma ya mwanzo. Mwanafunzi akitamka neno la kutaka kufa, asikemewe wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema.

Zoezi

Chora mhimili mlalo wa siku 28, na mhimili wima wa hisia kuanzia -5 hadi +5. Kila jioni weka nukta moja, na chini yake andika saa ulizolala. Baada ya majuma manne, chunguza: je, usingizi hupungua kabla ya hisia kupanda, au baada yake? Grafu ya namna hii, ikiletwa na mgonjwa, humwonyesha daktari mwendo wa mwezi mzima, jambo ambalo mazungumzo ya dakika kumi hayawezi kulionyesha.