Kumpima mgombea: Somo la kura ya Waislamu wa Marekani mwaka 2000

Kila unapokaribia uchaguzi wa Rais wa Marekani, vijiwe vyetu vya kahawa hugeuka vituo vya kupigia kura. Mmoja atasema huyu ni adui wa Uislamu, mwenzake atajibu kuwa yule babu yake alikuwa Muislamu, na hapo mjadala umekwisha. Sisi hatuna kura huko. Wanayo ndugu zetu Waislamu raia wa nchi ile, na kwao jambo hili si porojo. Nasomesha Maarifa ya Uislamu sekondari, na siku moja tulipofika mada ya uongozi kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, si Waislamu wa Marekani wenyewe ndio waliomuunga mkono Bush? Walikuwa wajinga?"

Kwamba walimuunga mkono, ni kweli. Tarehe 23 Oktoba 2000, zikiwa zimebaki siku 15 kupiga kura, baraza la pamoja la jumuiya 4 kubwa za Waislamu lilitangaza kuwa chaguo lao ni George W. Bush, Gavana wa Texas, dhidi ya Makamu wa Rais Al Gore. Lakini hawakukurupuka. Wakati ule, chini ya serikali ya Clinton na Gore, idara ya uhamiaji ilikuwa ikiwaweka wageni kizuizini kwa kile kilichoitwa ushahidi wa siri, yaani ushahidi ambao mshitakiwa haonyeshwi wala wakili wake. Wengi wa waliokumbwa na balaa hilo walikuwa Waarabu na Waislamu. Tarehe 11 Oktoba, katika mdahalo wa pili uliofanyika Winston-Salem, North Carolina, Bush alilitaja jambo hilo kwa kinywa chake mbele ya taifa zima. Aidha alikubali kukaa na viongozi wa Waislamu na kuwasikiliza. Gore kwa upande wake alikuwa amemteua Joseph Lieberman, mtetezi mkubwa wa Israel, kuwa mgombea mwenza. Mtu akiangalia hayo tu, hesabu inaonekana rahisi.

Tatizo ni kuwa waliangalia hayo tu. Waislamu wengi weusi wa Marekani hawakukubaliana na tamko lile tangu siku ya kwanza. Wao hawakuanza na ahadi, walianza na rekodi. Katika ugavana wa Bush, Texas ilitekeleza hukumu ya kifo kwa watu 152. Mtu ambaye ndugu zake ndio wanaojaza magereza hawezi kulipita jambo hilo kwa sababu ya sentensi moja ya kwenye mdahalo. Ama kuhusu vita, washauri wa mgombea huyo walikuwa wanajulikana. Paul Wolfowitz, aliyekuwa katika kundi lililomshauri Bush mambo ya nje, pamoja na Donald Rumsfeld, ambaye baadaye alifanywa Waziri wa Ulinzi, walisaini barua ya Januari 1998 iliyomtaka Clinton amng'oe Saddam Hussein. Barua hiyo haikuwa siri.

Bush akashinda Florida kwa tofauti ya kura 537, na kwa jimbo hilo akapata Ikulu. Wapo Waislamu waliojivunia mchango wao. Kisha ikaja Septemba 11, 2001, jambo ambalo, tuwe waadilifu, hakuna mpiga kura aliyelijua. Oktoba 26 mwaka huo huo Bush akasaini ile sheria ya Patriot, Januari 2002 mahabusu wa kwanza wakafikishwa Guantanamo, na Machi 2003 Iraq ikavamiwa. Yule aliyelalamikia ushahidi wa siri ndiye aliyefungua gereza la watu wasiofikishwa mahakamani.

Wanachuoni wetu walishaligusa suala la kupima viongozi. Ibn Taymiyya, katika kitabu chake cha As-Siyasa ash-Shar'iyya, anaeleza kuwa sifa 2 zinazotakiwa, nguvu na uaminifu, ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Anamtaja Imam Ahmad, aliyeulizwa kuhusu majemadari 2, mmoja hodari lakini muovu, mwingine mchamungu lakini dhaifu. Imam akamchagua hodari kwa ajili ya vita, kwa hoja kwamba nguvu zake zinawafaa Waislamu na uovu wake ni mzigo wake mwenyewe. Katika kutunza mali, anasema Ibn Taymiyya, mwaminifu ndiye atangulizwe. Kwa maana hiyo sifa hupimwa kwa kazi inayokusudiwa. Lakini, ndugu msomaji, jemadari yule alikuwa wa Waislamu. Rais wa Marekani nguvu zake ni za nani? Kwa mtazamo wangu swali hili ndilo lililosahauliwa mwaka 2000.

Mwaka 2004 Waislamu wengi walihamia kwa John Kerry, seneta aliyeipigia kura ya ndiyo sheria ya Patriot, na mwaka uliofuata akapiga kura ya kuruhusu vita vya Iraq. Katika Seneti nzima aliyepinga sheria ile ni mmoja tu, Russ Feingold wa Wisconsin. Hata hivyo naona safari hii walipima vizuri zaidi, kwani jumuiya zao zilimuunga mkono kwa masharti na hazikuficha udhaifu wake.

Kwa Obama mwaka 2008, sisi wa Afrika Mashariki tulipima damu ya baba yake Mkenya, basi. Waislamu wa kule waliona mengine. Juni 4 aliwaambia watetezi wa Israel kuwa Jerusalem itabaki mji mkuu wa Israel usiogawanywa. Mwezi huo huo, mjini Detroit, watu wa kampeni yake waliwazuia mabinti 2 wenye hijabu wasikae nyuma yake mbele ya kamera, na yeye akawapigia simu kuwaomba radhi. Alipoingia Ikulu alisaini amri ya kuifunga Guantanamo ndani ya mwaka 1. Bunge likamzuia. Alipoondoka Januari 2017 bado walikuwemo mahabusu 41.

Yule kijana akanibana: "Na mwaka 2024 je?" Kamala Harris alikuwa Makamu katika serikali iliyoipa Israel silaha huku Gaza ikiteketea. Donald Trump ndiye aliyewafungia mlango raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi mwaka 2017, na mwaka huo huo akaitambua Jerusalem kuwa mji mkuu wa Israel. Lakini Trump alikwenda Dearborn, Michigan, siku chache kabla ya kura, akaahidi amani, na katika mji huo wa Waarabu akaongoza. Nilimwambia kijana kuwa mtu wa Dearborn aliyezika jamaa zake kusini mwa Lebanon siwezi kumwita mjinga. Ila ningemuuliza kama aliwatazama pia waliosimama nyuma ya mgeni wake.