SOMO LA MWEZI: Habari ya Bei Isibaki kwa Mtu Mmoja

Somo letu linahusu redio na simu, na jinsi zinavyoweza kumsaidia mkulima asipoteze jasho lake.

1. Tatizo ni nini?
Wakati wa mavuno mchuuzi hufika na pikipiki au lori hadi mlangoni. Yeye anajua bei ya mjini ya jana. Mama mwenye magunia mawili ya mahindi haijui, na ada ya shule inamsubiri. Hapo bei hupangwa na yule anayejua.

2. Redio ilisaidia nini?
Katika miaka ya mwanzo ya 2000, bei za mazao zilikusanywa katika wilaya 21 za Uganda na kutangazwa kwenye redio za FM. Mwaka 2009 watafiti Jakob Svensson na David Yanagizawa walieleza kwamba, katika wilaya zenye matangazo hayo, mkulima mwenye redio alipata bei ya mahindi iliyozidi kwa asilimia 15 hivi. Tuhesabu kwa mfano: kilo ikiwa shilingi 800, nyongeza ni shilingi 120. Kwa gunia la kilo 100 ni shilingi 12,000.

3. Upande wa pili
Mwaka 2012 watafiti hao walionyesha jambo jingine. Wenye redio waliuza mazao mengi zaidi, bei za mjini zikashuka, na wasio na redio wakapata pungufu. Faida ya mmoja ikawa hasara ya jirani yake. Kwetu wasio na redio wala simu ni akina nani? Ni wajane, wazee, na wale waliofika juzi mikono mitupu.

4. Tufanye nini?
a) Kila kikundi kichague mtu wa kusikiliza redio na kupigia simu masoko mawili kabla ya kuuza. Pesa ya simu tuchangie wote.
b) Bei iandikwe ubaoni, mahali wote wanapopita. Wasiojua kusoma wasomewe kwa lugha yao.
c) Katika bei ya mjini, toeni gharama ya lori na magunia. Kinachobaki kiwasaidie kupatana na mchuuzi.
d) Kausheni mahindi vizuri. Kipimo cha Afrika Mashariki hakikubali unyevu uliozidi asilimia 13.5.
e) Uzeni pamoja, tena kwa mizani, si kwa debe.

Maswali ya kujadili katika vikundi
- Msimu uliopita, nani alipanga bei ya mahindi yako?
- Ni jirani gani hajasikia bei ya wiki hii, na nani atampelekea habari leo?