GPS kwenye usukani wa bodaboda: somo kutoka Gazi

Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga inapofika Gazi, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, lami huendelea na safari yake na kijiji hubaki upande wa bahari, kando ya ghuba. Anayeingia kwa pikipiki huacha lami na kushika njia ya udongo na mchanga kati ya minazi na nyumba. Hakuna kibao cha jina la mtaa, wala nambari mlangoni. Maelekezo ni ya mdomo: ukipita msikiti kata kushoto, utaona mwembe mkubwa, ukifika hapo uliza. Mchana hayo yanatosha. Saa nane za usiku, mama ameshikwa na uchungu na jamaa zake wamepiga simu stejini, hakuna wa kuulizwa chini ya mwembe.

Hapo ndipo mhudumu wa bodaboda hutoa simu. Mara nyingi huishika kwa mkono wa kushoto, ule wa klachi, huku wa kulia ukivuta mafuta na kusubiri breki. Wengine huichomeka ndani ya helmeti, sikioni, waelekezwe na mteja hatua kwa hatua. Njia zote mbili ni za hatari, na kuzikemea tu hakusaidii iwapo mhudumu hajaonyeshwa ya tatu. Somo hili linahusu hiyo ya tatu: simu iliyofungwa vizuri kwenye usukani, yenye ramani iliyopakuliwa kabla ya safari, inayosema njia kwa sauti.

Kwanza, GPS ni nini

Neno hili huwachanganya wengi kwa sababu stejini lina maana mbili. Pikipiki nyingi zinazonunuliwa kwa mkopo hufichwa traka ndani yake, kifaa kidogo chenye laini ya simu kinachomjulisha mwenye mkopo pikipiki ilipo. Kifaa hicho hakimwonyeshi dereva njia. Kinachozungumziwa hapa ni kile chenye kioo na ramani, kinachomwambia dereva mwenyewe yuko wapi na apite wapi.

Vyote viwili hutegemea setilaiti. Zile za GPS, zinazoendeshwa na serikali ya Marekani, huzunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu husikiliza, hupima muda ambao mawimbi yamechukua kufika, na ikipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa ilipo. Ni kama redio, hupokea bila kutuma chochote. Kwa hiyo GPS yenyewe haihitaji bando. Kinachokula bando ni picha ya ramani, na hiyo inaweza kupakuliwa mapema nyumbani au mahali penye Wi-Fi. Tofauti atakayoiona asiye na data ni kwamba simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti mara ya kwanza. Ni vyema kuiwasha kabla ya kuondoka, isije ikamchelewesha njia panda.

Penye anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya mikoko, kwenye minazi iliyosongamana au kati ya kuta mbili za mawe, kosa huongezeka. Mita 5 zinamfikisha mtu kwenye lango sahihi, au kwa jirani. Busara ya kupiga honi kidogo na kusubiri bado inahitajika.

Kifaa maalumu au simu?

Kampuni kama Garmin na TomTom hutengeneza vifaa vya ramani vya pikipiki. Vina kioo kinachosomeka juani, huguswa hata kwa glavu, na havisumbuliwi na mvua. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Kwa anayewazungusha watalii wa pikipiki kubwa kutoka Diani hadi mpaka wa Lunga Lunga na kuingia Tanzania, gharama hiyo inaweza kurudi. Kwa mhudumu ambaye safari zake ni Gazi, Makongeni, Msambweni na Ukunda, hairudi. Simu inatosha. Na kama ipo ya zamani ambayo bado inashika chaji, hiyo ndiyo ya kufunga kwenye pikipiki, ile ya M-Pesa na ya familia ibaki mfukoni.

Kabla ya kununua simu ya kazi hii, ijaribiwe nje ya duka. Kioo chake kinasomeka saa saba mchana? Mshale wa ramani unasogea mtu anapotembea? Simu nyingi za bei nafuu hazina dira ndani, kwa hiyo mshale haugeuki dereva akiwa amesimama. Akishaanza kwenda hujirekebisha, wala si sababu ya kuiacha. Alama ya IP67 ina maana kwamba simu haipitishi vumbi na inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Maji yenyewe ni matamu. Ya chumvi hayamo katika ahadi hiyo, na Gazi ni pwani.

Upande wa programu, Google Maps ina hali ya pikipiki inayofanya kazi nchini Kenya, na huruhusu eneo kupakuliwa. Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na hufanya kazi bila data kabisa. Kuwa na mbili si vibaya, kwa sababu njia ambayo moja haiijui huenda nyingine inaijua. Baada ya kupakua, data izimwe, kisha itafutwe njia kutoka Gazi hadi Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Ikipatikana, ramani imo. Isipopatikana, ni heri kujua hilo mchana ukiwa kibarazani.

Majina nayo yanahitaji jicho. Andika "Makongeni" na simu inaweza kukupa mtaa wa Nairobi au wa Thika badala ya kijiji jirani na Gazi. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza safari, tazama idadi ya kilomita. Ikisema mia tano na zaidi, hiyo si Makongeni ya Kwale.

Kuna jambo ambalo ramani haitalijua kamwe, nalo ni maji kupwa na kujaa. Ghuba ya Gazi hupokea mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, na sehemu kubwa yake ni mikoko na mchanga unaofunikwa na kufunuliwa kila siku. Kijia kilichochorwa kupita pembeni mwa mikoko kinaweza kuwa kikavu asubuhi na kuwa chini ya maji jioni, hasa wakati wa bamvua. Mstari kwenye kioo hubaki rangi ileile. Mwenyeji huliona hili bila kuambiwa, lakini kijana aliyetoka Kinango au Ukunda kutafuta riziki huufuata mstari hadi magurudumu yazame. Kwenye njia za ufukweni neno la wavuvi litangulie ramani.

Kuifunga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu holda ya bei rahisi huonekana sawa na ya maana mpaka shimo la kwanza.

Holda zinazofungwa kwenye mguu wa kioo cha pembeni zinapendwa kwa kuwa hazina kazi kuzifunga. Tatizo ni kwamba mguu huo ni mrefu na unatikisika, na uzito wa simu hulegeza kioo chenyewe, ambacho dereva anakihitaji kumwona matatu anayemjia nyuma. Mahali bora ni kwenye bomba la usukani, karibu na katikati, pale linapobanwa kwenye fremu. Kadiri unavyosogea kwenye mishikio, mtikisiko huongezeka. Bomba la pikipiki nyingi ndogo lina kipenyo cha takriban milimita 22, hivyo holda ichaguliwe ya kipimo hicho, isiwe ya baiskeli iliyolazimishwa.

Iwe inashika simu kwa kona zote nne, na juu yake kuwe na mpira wa kuizuia isiruke. Plastiki nyepesi hukauka juani na kupasuka. Ya alumini hudumu. Kabla ya kukaza, zungushia bomba kipande cha tyubu kuukuu. Kinazuia holda isizunguke, kinapunguza mtikisiko, na bei yake ni kumsalimia fundi wa pancha. Mtikisiko si wa kupuuzwa: Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wateja kwamba injini za pikipiki zenye nguvu zinaweza kuharibu kamera za iPhone zikifungwa kwenye usukani, na hata kwa pikipiki ndogo ikapendekeza holda yenye kifyonza mtikisiko. Hiyo ni sababu nyingine ya kutumia simu kuukuu.

Bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya Gazi ina chumvi, na bolti ya kawaida ikikaa kwenye holda ya alumini miezi michache hugandana nayo, isifunguke hata kwa spana. Grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti wakati wa kufunga, na kuosha kwa maji baridi baada ya safari za ufukweni, huokoa kazi hiyo.

Ikishafungwa, pikipiki isimamishwe na usukani ugeuzwe mpaka mwisho, kushoto kisha kulia. Simu isiguse tangi, waya wa klachi usivutwe, na ufunguo ufikiwe bila kupapasa. Spidomita na taa zake zionekane. Kisha simu ifungwe kamba ya pili, nyembamba tu, kutoka kwenye kava hadi usukani. Holda ikiachia barabarani, kamba hiyo ndiyo tofauti kati ya simu inayoning'inia na simu iliyo chini ya lori.

Umeme

Ramani ikiwa wazi muda wote, betri ya simu haimalizi zamu. Chaja ya USB hushusha volti 12 za pikipiki hadi 5. Ikitoa ampea 2 kwa simu, hizo ni wati 10, yaani chini ya ampea moja kutoka kwenye betri, mzigo mdogo. Yanayoharibu ni mawili. La kwanza ni kuunganisha chaja moja kwa moja na betri bila kupitia swichi ya ufunguo, ikawa inanyonya umeme usiku kucha. La pili ni kuacha fyuzi. Fyuzi ya ampea 2 au 3, ikikaa karibu na betri, hukatika badala ya waya kuungua chini ya tangi la petroli. Waya zilizosokotwa na kufungwa selotepu huingiwa na maji ya mvua na chumvi. Fundi azichomee na kuzifunika. Simu inayochajiwa juani pia hupata joto kali na kuanza kufifisha kioo au kujizima, kwa hiyo mchana kwa safari fupi ni afadhali chaja ikatolewa.

Macho barabarani

Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinaweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu chombo kikiwa mwendoni. Faini ni jambo dogo. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki husafiri mita 11 kila sekunde. Sekunde mbili za kutazama kioo ni mita 22 bila macho, na mtoto au mbuzi wa Gazi havuki barabara kwa ilani.

Kwa hiyo mahali pa kwenda paandikwe kabla ya kuwasha injini, na sauti iongozwe juu. Anayetumia kifaa cha masikioni atumie sikio moja, kwa sauti ya chini, lingine lisikie honi. Njia ikipotea, pikipiki isogezwe kando na kusimama. Abiria mwenye haraka atalalamika, avumiliwe.

Linabaki lile la usiku wa manane. Wasio na namba ya nyumba wanaweza kuwa na namba ya mahali. Mtu akisimama langoni mwake na kubonyeza kwa kidole alama ya alipo kwenye ramani, simu humpa namba mbili. Kwa Gazi huanzia karibu na -4.42 na 39.5. Zinatumwa kwa SMS ya kawaida, bila bando, na mhudumu huziandika kwenye ramani yake iliyopakuliwa. Ile alama ya kutoa mbele ya 4 isiachwe, kwani inamaanisha kusini mwa ikweta. Bila hiyo ramani itamwelekeza mhudumu kusini mwa Ethiopia.

Familia yenye mama aliye katika miezi ya mwisho ifanye hivyo mapema, mchana, mtu akiwa amesimama pale pikipiki inapoweza kufika, hata kama nyumba iko hatua chache ndani. Namba hizo wapewe wahudumu wawili wanaoaminika, kwa sababu mmoja anaweza kuwa amelala au yuko Ukunda. Zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la steji nzima. Mhudumu naye aende mara moja mchana, aione njia yenyewe, ajue mchanga mwingi uko wapi na mbwa yuko upande gani. Na kama hali ya mama hairuhusu kukaa kwenye pikipiki, namba hizohizo zitamfaa dereva wa ambulensi.