Kufunga Njia Wakati wa Maradhi, na Haki ya Mnyonge Aliyefungiwa Ndani



Darsa yetu ya leo ni juu ya jambo tulilolishuhudia sote katika mwaka wa 2020, nalo ni kufungwa kwa njia kwa sababu ya maradhi ya Korona. Wako waliosema kwamba kufunga njia ni kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Wako na waliosema kwamba maadamu Serikali imeamuru, basi hapana la kuuliza. Kauli zote mbili zina kasoro. Kufunga njia kuna asili katika sharia. Lakini mwenye kufunga ana deni kwa aliyefungiwa ndani, na kubwa katika deni hilo ni tiba ya mnyonge.

ASILI YA JAMBO

Khabari ya Sayyidna Umar ni mashuhuri. Alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Hakukata shauri peke yake. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi. Alipoazimia kurudi, Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari. Naye akamfahamisha kwamba huko kurudi nako ni katika kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Bwana Mtume (S.A.W.), ambayo maana yake ni kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Sasa tutazame jambo ambalo wengi hulipita. Kwa nini aliyemo akatazwe kutoka? Wanavyuoni, na miongoni mwao ni Imam Ghazali na Hafidh Ibn Hajar, wametaja katika hekima zake kwamba wazima wote wakitoka, wagonjwa watabaki bila ya mtu wa kuwauguza, na maiti bila ya mtu wa kuwazika. Wala Ibn Hajar hakuwa akisema ya kusikia tu, kwani yeye mwenyewe alifiwa na mabinti zake kwa tauni. Basi fahamu, ewe msomaji, kwamba katazo hili limewekwa pia kwa ajili ya mnyonge asiyeweza kutoka. Amri ya kufunga njia inayomwacha mgonjwa bila ya mwuguzi imevunja hekima ile ile iliyoileta.

YALIYOTUKIA KWETU

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje, tangu saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 22 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba watu wasiingie wala wasitoke katika Kaunti ya Mandera. Zuio hilo likaongezwa muda mara kwa mara mpaka likaondolewa tarehe 7 Julai. Ama amri ya usiku, hiyo ilibadilishwa saa zake lakini haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021.

Zipime amri hizo kwa hali ya nchi yetu. Toka hapa Rhamu mpaka mji wa Mandera ni kilomita 70 na zaidi, na toka Mandera mpaka Nairobi ni kama kilomita 1,000. Mgonjwa ambaye daktari wa maradhi yake yuko Nairobi, njia kwake ni sehemu ya dawa. Na uchungu wa uzazi haungoji alfajiri. Hesabu zilizotokana na sensa ya mwaka 2009 zilionyesha kwamba katika Kaunti ya Mandera wanawake 3,795 walikuwa wakifa kwa sababu ya uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, hali ya kuwa katika nchi nzima hawakufika 500. Hali ilikuwa nafuu baadaye, lakini hesabu hiyo yatosha kutufahamisha ni akina mama gani waliofungiwa.

Pengine mtu atasema: "Lakini mwenye dharura ya ugonjwa alikuwa na udhuru." Jawabu lake ni kwamba udhuru bila ya gari haumfikishi mtu hospitali. Huko Nairobi kwenyewe, penye mahospitali mengi, Daktari Jemimah Kariuki aliona waja wazito wanashindwa kufika hospitali usiku, ndipo ukaanzishwa mpango wa kuwachukua kwa magari bila ya malipo. Ikiwa Nairobi walihitaji hayo, je, mke wa mfugaji aliye mbali na barabara?

Tena khofu nayo huzuia kama kizuizi cha askari. Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba amri ya usiku yenyewe ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi walizotumia polisi katika kuitekeleza ni kinyume cha Katiba. Mwenye kuchelea rungu hampeleki mgonjwa wake usiku. Kadhalika, watu waliotiwa karantini kwa lazima walitozwa gharama za kukaa humo, mpaka Mei 2020 Serikali ilipokubali kuzibeba katika vituo vyake. Maskini akijua kwamba kupimwa kwaweza kumletea deni, ataficha maradhi, na madhara yatawafikia matajiri na maskini pamoja.

KIPIMO CHA HAKI

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya, na imekataza mtu kunyimwa tiba ya dharura. Kifungu cha 21 kimewalazimisha watumishi wa Serikali kuangalia mahitaji ya wanyonge: wanawake, wazee, walemavu, watoto, na jamii zilizoachwa nyuma. Hayo hayagongani na kanuni za mafakihi wetu: dharura hupimwa kwa kadiri yake wala haizidishwi, na dhara haiondolewi kwa kuleta dhara iliyo mfano wake.

Basi siku njia itakapofungwa tena, yapasa haya:

Kwanza, kabla ya kufunga, wajulikane walio ndani: waja wazito, wazee, wenye kisukari, wenye kifua kikuu.

Pili, liwepo gari na dereva mwenye ruhusa ya usiku, na kila mzee wa kijiji ajue namna ya kumwita.

Tatu, dawa za kutosha zitangulie kufika kabla ya askari.

Nne, gharama ya kuwakinga watu wote asitwikwe maskini mmoja mmoja.

Wala tusiiachie Serikali peke yake. Kamati za misikiti zaweza kuandika majina ya wagonjwa wa mtaa tangu leo, na wenye magari waweke ahadi. Sayyidna Umar, pamoja na cheo chake, aliwauliza watu kabla ya kuamua. Nasi tukiitwa barazani na wakubwa, tuwasemee wasioweza kufika. Kumnyamazia mnyonge wakati wa maradhi ni kumfungia mlango wa pili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi ttawfiq.