Namna ya Kusoma Habari za Miungu ya Kale ya Skandinavia

Ukitaka kuijua dini ya Waskandinavia kabla ya Ukristo, hadithi za Odin na Thor zisubiri kwanza. Anza na aliyeziandika. Snorri Sturluson, ambaye masimulizi yake ndiyo yanayosomwa zaidi, alikuwa Mkristo wa Iceland aliyeandika mnamo 1220, miaka kama 200 baada ya kisiwa hicho kupokea Ukristo. Wala hakukusudia kufundisha ibada. Alitaka washairi waelewe mafumbo ya mashairi ya zamani, yaliyojaa majina ya miungu. Ndiyo maana ametuhifadhia visa tele, na matambiko kidogo mno.

Kisha tafuta aliyeona kwa macho, hata akiwa mgeni. Hapa Ahmad ibn Fadlan ni hazina. Mwaka 922, akiwa katika ujumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta wafanyabiashara Warus, watu wenye asili ya Skandinavia, kando ya mto Volga, akashuhudia maziko ya mkubwa wao: maiti imelazwa ndani ya chombo kilichovutwa nchi kavu, matunda na kinywaji kando yake, wanyama wakichinjwa, kijakazi akiuawa ili amfuate bwana wake, halafu moto. Umakini wake unanistaajabisha kila nikimsoma. Hata hivyo alizungumza nao kwa mkalimani, na uchafu wao ulimchukiza. Basi yaamini macho yake kuliko maelezo aliyopewa, na usidhani kila Mskandinavia alizikwa hivyo.

Adam wa Bremen msome kwa tahadhari zaidi. Karne ya 11 aliandika juu ya hekalu la Uppsala, Sweden, na kafara za kila miaka 9, lakini kwa kusimuliwa, naye alikuwa padri aliyeandika historia ya kanisa lililotaka kuwabatiza Waskandinavia.

Ukipata dai, lipime kwa vitu vilivyotoka ardhini: makaburi, hirizi, mawe ya maandishi ya runi, herufi za kale za Skandinavia. Wenye dini wenyewe waliandika humo, ingawa kwa ufupi sana. Katika dhahabu iliyofukuliwa Vindelev, Denmark, mwaka 2020 kuna kidani cha karne ya 5 chenye jina la Odin. Wataalamu walitangaza usomaji wake mwaka 2023. Ni maneno machache tu, lakini yanathibitisha kwamba mungu huyo alitajwa kwa jina miaka kama 800 kabla ya Snorri. Visa alivyosimulia Snorri kumhusu, kidani hicho hakivithibitishi.